Rudyard Kipling: Mzazi Aliyetafuta Jina la Mwanawe

Miongoni mwa waandishi wa Kiingereza ambao sifa zao zimeenea duniani, Rudyard Kipling ni mmoja wa wale wanaosifiwa na kulaumiwa kwa pamoja. Wanaomsifu hutaja hadithi zake, na wanaomlaumu hutaja siasa zake za kibeberu. Lakini iko sehemu ya maisha yake ambayo yampasa kila askari wa jeshi na kila polisi aijue, kwa sababu yahusu jambo lisiloweza kumwepuka mtu avaaye sare, nalo ni namna wafu wa vita wanavyokumbukwa na jamaa na rafiki zao, na namna majina yao yanavyohifadhiwa au kupotea.

Habari hizi si za Ulaya peke yake. Maneno aliyoyatunga mtu huyu yamechorwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, chini ya sanamu za askari waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Miongoni mwa watu waliokusudiwa na maneno hayo wamo babu zetu wa hapa Uganda. Basi si vibaya tukamtazama aliyeyaandika, tukapima kama ahadi aliyoitoa ilitimizwa.

UTOTO WAKE

Kipling alizaliwa tarehe 30 Desemba 1865 mjini Bombay, India, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Babaye, John Lockwood Kipling, alikuwa mwalimu wa sanaa. Mwaka 1871, akiwa na umri wa miaka mitano, alipelekwa Uingereza pamoja na dada yake mdogo kama ilivyokuwa desturi ya wazungu wa India, wakaachwa katika nyumba ya watu wasio jamaa zao mjini Southsea. Huko aliishi maisha ya dhiki na mateso ambayo hakuyasahau mpaka kufa kwake. Macho yake pia yalidhoofika, akawa hawezi kuona vema bila ya miwani minene. Jambo hili la macho na tulikumbuke, kwa maana lilikuja kumwandama na mwanawe.

Mwaka 1878 aliingia katika shule ya United Services College, huko Devon, ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa maofisa wa jeshi. Wenzake wengi walitoka hapo wakaenda kuchukua vyeo vya kijeshi, lakini yeye kwa udhaifu wa macho hakuwa na njia hiyo. Mwaka 1882, kabla hajatimiza miaka 17, alirudi India akaajiriwa na gazeti la mji wa Lahore. Katika kazi hiyo alizoeana sana na askari wa cheo cha chini waliokuwa kambini, akasikiliza hadithi zao, shida zao, na lugha yao isiyokuwa na adabu nyingi. Waandishi waliomtangulia walipenda zaidi kuandika juu ya majenerali. Kipling aliandika juu ya askari wa kawaida aliyelala katika hema lenye joto akingoja mshahara mdogo, na hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya askari wa zama zile wampende.

Alihama India mwaka 1889. Mwaka 1892 alimwoa Caroline Balestier, mwanamke wa Kimarekani, wakaishi kwa miaka kadhaa huko Vermont, Marekani. Hapo ndipo alipoandika hadithi za Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu, zilizotoka mwaka 1894. Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 41, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi, akawa mtu wa kwanza kuipata kwa maandishi ya lugha ya Kiingereza.

Hatuna budi kusema wazi kwamba Kipling alikuwa mtetezi mkubwa wa ukoloni. Mwaka 1899 alitunga shairi la kuwahimiza Wamarekani waitawale nchi ya Filipino, na ndani yake aliwadharau watu wa mataifa yaliyotawaliwa. Hilo halifichiki, wala haifai lifichwe.

Mungu alimjalia watoto watatu: Josephine, Elsie na John. Mwanzoni mwa mwaka 1899 baba na binti mkubwa, Josephine, waliugua homa ya mapafu walipokuwa New York. Baba alipona, binti, aliyekuwa na umri wa miaka sita tu, akafariki. Tangu hapo upendo wa wazazi uliwaelekea wawili waliobaki, na zaidi John, mwana wa kiume wa pekee, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1897.

JOHN AINGIA JESHINI

Vita ilipotangazwa Agosti 1914, Kipling alikuwa miongoni mwa wazee waliohimiza vijana wajiandikishe kwa nguvu zote. Alikuwa amewaonya Waingereza kwa miaka mingi juu ya nguvu za Ujerumani, na sasa alitumia kalamu na jina lake kuita watu vitani. Asingeweza kuwaita wana wa wenzake huku wa kwake akimweka nyumbani.

John mwenyewe alitaka kwenda. Lakini alikuwa amerithi macho ya babaye, na alipokwenda kupimwa, madaktari wa jeshi walimkataa. Kwa sheria ya jeshi, mambo yangekuwa yamekwisha hapo. Lakini baba alikuwa na rafiki mkubwa, Lord Roberts, mkuu wa majeshi mstaafu ambaye pia alikuwa kanali wa heshima wa kikosi cha Irish Guards. Kipling alimwendea rafiki huyo kumwombea mwanawe, na haukupita muda John akapewa uofisa katika kikosi hicho. Alikuwa na umri wa miaka 17.

Askari anayesoma habari hizi ataelewa uzito wa jambo hilo. Wazazi wengi wenye vyeo hutumia urafiki ili kuwatoa wana wao katika hatari. Mzazi huyu aliutumia kumwingiza wake.

Batalioni ya pili ya Irish Guards ilivuka bahari kwenda Ufaransa Agosti 1915, mwezi uleule ambao John alitimiza miaka 18. Tarehe 25 Septemba Waingereza walianza shambulio kubwa karibu na mji wa Loos, kaskazini mwa Ufaransa, katika nchi ya migodi ya makaa ya mawe isiyokuwa na vichaka vya kujificha. Tarehe 27 Septemba batalioni ya John iliamriwa kusonga mbele kuelekea msitu mdogo na majengo ya mgodi yaliyokuwa yamejaa bunduki za rashasha za Wajerumani. Waliokwenda mbele zaidi walilazimika kurudi nyuma. John hakurudi. Siku zilizopita tangu atimize miaka 18 zilikuwa 41.

Mwanzoni mwa Oktoba telegramu ilifika nyumbani kwao, kijiji cha Burwash katika Sussex, ikieleza kwamba John amejeruhiwa na haonekani alipo.

KUTAFUTA BILA KUPATA

Jamaa ya askari aliyekufa hulia, huzika, hufanya matanga, kisha huanza kuzoea. Lakini jamaa ya askari asiyejulikana alipo haina siku ya kulia. Kipling na mkewe waliishi katika hali hiyo kwa muda mrefu. Walizunguka katika hospitali walikolazwa majeruhi wa Irish Guards, wakawauliza mmoja mmoja kama wamemwona kijana wao. Waliandika barua nyingi. Wengine walisema walimwona amejeruhiwa, na wengine habari zao zilipingana. Matumaini kwamba labda alichukuliwa mateka yalipungua mwaka hata mwaka, mpaka ikawalazimu wakubali kwamba amekufa na kwamba mahali alipolala hapajulikani.

Ndipo Kipling alipoifanya huzuni yake kazi. Aliombwa na Irish Guards aandike historia ya batalioni zao mbili, akaitumia kazi hiyo zaidi ya miaka mitano, akisoma madaftari ya kila siku ya kikosi, barua na kumbukumbu, na kuzungumza na askari waliosalimika. Kitabu hicho cha juzuu mbili kilitoka mwaka 1923. Mtu angedhani baba huyu angeijaza sura nzima kwa habari za mwanawe. Hakufanya hivyo. John ametajwa kwa maneno machache tu katika hesabu ya maofisa waliopotea siku ile, sawa na wenzake. Nafasi iliyobaki aliwapa wana wa watu wengine.

Mwaka 1919 alitoa pia beti fupi za makaburini, ambamo wafu wenyewe ndio wanaosema. Katika baadhi ya beti hizo wafu wanawalaumu wazee waliowapeleka vitani. Aliyeziandika alikuwa mmoja wa wazee hao.

TUME YA MAKABURI

Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Dola ya Uingereza ya Makaburi ya Vita, kwa juhudi za Fabian Ware, mtu aliyeanza na gari za Msalaba Mwekundu huko Ufaransa akaona makaburi ya askari yakiachwa bila alama wala kumbukumbu. Kipling aliitwa mwaka huohuo awe mjumbe na mshauri wa maandishi, akaifanya kazi hiyo mpaka kufa kwake. Yeye ndiye aliyechagua katika kitabu cha kale cha dini maneno ya kuchorwa kwenye jiwe kubwa la makaburi ya vita, yenye maana kwamba jina la hao litaishi daima. Yeye pia ndiye aliyetoa maneno machache yanayochorwa juu ya kaburi la askari asiyetambulika, yakisema kwamba huyu Mungu amjua.

Msingi wa Tume ulikuwa usawa. Jenerali na askari wa kawaida wangepata jiwe la namna moja, lenye urefu wa sentimita 81 hivi. Hakuna tajiri ambaye angeruhusiwa kumjengea mwanawe kaburi la fahari kuliko la mwana wa mkulima, wala kuusafirisha mwili kwenda nyumbani. Jamaa nyingi zenye uwezo zilikasirika, na shauri likafika Bungeni mwezi Mei 1920. Katika mjadala huo ilisomwa barua ya Kipling. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye na mkewe hawana kaburi la kwenda kulitazama, na kwamba wale wanaonung'unikia jiwe la mwana wao hawajui jinsi walivyobahatika kuwa na jina lililoandikwa mahali panapojulikana. Usawa ulishinda.

Tarehe 4 Agosti 1930 ulifunguliwa ukuta wa kumbukumbu huko Loos, wenye majina zaidi ya 20,000 ya askari wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Kipling alihudhuria. Jina la John lilikuwamo kati ya hayo. Mzee huyo alifariki tarehe 18 Januari 1936 mjini London, na mkewe akamfuata mwaka 1939, wote wawili bila ya kujua mwana wao alikolala. Mwaka 1992, miaka 77 baada ya vita ile ya Loos, Tume ilitangaza kwamba kaburi moja la ofisa asiyejulikana wa Irish Guards, katika makaburi ya vita karibu na Haisnes, ni lake John. Wako wanahistoria waliobisha, lakini Tume imeshikilia uamuzi wake, na jina limechorwa.

AHADI ILIYOTOLEWA KWETU

Sasa na turudi Afrika ya Mashariki. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya askari aliyeinama na bunduki yenye singe, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Nairobi ilipata sanamu zake mwaka 1928, na mmoja wa wanaoonyeshwa hapo ni mpagazi. Mombasa nayo ina zake. Maneno yaliyo chini yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu pia, yalitungwa na Kipling. Yanawataja askari Waafrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na watumishi wengine wote waliokufa. Yanamalizia kwa ahadi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ni maneno mazuri. Lakini yeyote atakayeizunguka sanamu akitafuta jina la mtu hataliona hata moja.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Huko Ulaya kila aliyekufa aliandikwa, ama juu ya kaburi ama juu ya ukuta. Huku kwetu wakuu wa Tume na watawala wa makoloni waliamua kwamba Waafrika watoshelezwe na sanamu za pamoja, na makaburi yao mengi yakaachwa yarudi kuwa pori. Vita ya Afrika ya Mashariki ilikwenda kutoka Tanga mwaka 1914 mpaka Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika njia hiyo ndefu wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia laki moja. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, wakiwa na mizigo vichwani. Wamebaki katika majina ya mitaa tu, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yote mawili yakiwa yametokana na jina la kikosi chao cha uchukuzi. Hapa Uganda wako waliokwenda na batalioni ya nne ya KAR, na wako waliokwenda kama wapagazi. Wengi wao hata mtaa hawakuachiwa.

Mwezi Aprili 2021 Tume hiyohiyo, ambayo sasa huitwa Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita, ilitoa ripoti ya kukiri jambo hili. Ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ile, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au labda hawakukumbukwa kabisa, na kwamba hesabu yaweza kufika 350,000. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Mwezi Januari 2025 ulifunguliwa mjini Cape Town ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita ile bila ya kuwa na kaburi lijulikanalo. Kwa hiyo kazi imeanza, ijapokuwa imechelewa zaidi ya miaka mia moja.

LINALOTUPASA

Maisha ya Kipling yanatufunza kwamba huzuni ya mzazi ni moja, lakini nguvu ya kuandikiwa jina si moja. John alikuwa na baba mashuhuri, daftari la kikosi, na tume yenye fedha, hata hivyo ikachukua miaka 77 kaburi lake kupewa jina. Mpagazi wa Busoga au wa Acholi alikuwa na mama aliyengoja mlangoni, na hakuna telegramu iliyomfikia. Jina lake lilipokosa kuandikwa mwaka 1917, mama alipokufa likafa pamoja naye.

Kwa hiyo wajibu wetu uko wazi. Kwanza, ziko nyumba ambamo kumehifadhiwa medali za babu wa zamani ndani ya sanduku, na watoto huzichezea. Medali za Waingereza za Vita Kuu ile zilichorwa ukingoni nambari ya askari, jina lake na kikosi chake. Jamaa mwenye medali hiyo na auangalie ukingo wake kwa makini, ayaandike anayoyaona, ayahifadhi pamoja na karatasi zozote za jeshi zilizobaki. Pili, wazee wanaokumbuka masimulizi ya baba zao juu ya vita ile, na juu ya ile ya 1939 hadi 1945 iliyowafikisha watu wetu mpaka Burma, na waulizwe sasa. Jina la mtu, la babaye, la kijiji na la gombolola yake, kikosi alichokuwamo na rafiki aliyerudi na habari zake, yote na yaandikwe.

Tatu, na hili lawahusu zaidi walio kazini. Mwenzako akifa nawe ukawapo, iwe vitani, iwe doria mpakani, iwe katika kazi ya polisi ya usiku, andika jina lake kamili, nambari yake, siku, saa, mahali, na aliyemzika. Usiliache jambo hilo kwa karani peke yake. Kamanda ahakikishe kwamba daftari la kikosi limeandikwa kweli kabla ya kikosi kuhama, na kwamba habari zimefika kwa mjane na wazazi kwa kinywa cha mtu aliyemjua marehemu. Kipling alizunguka hospitali nzima nzima akitafuta mtu mmoja wa namna hiyo.

Yeye aliahidi, kwa niaba ya dola yake, kwamba wana watalikumbuka jina la baba. Dola ile haikuyaandika majina, nayo imekwisha. Wana wangaliko, na yaliyobaki ya kuandikwa yamo mikononi mwao.